Barua kwa Mhariri: Moyo haujui kila kazi

Mheshimiwa Mhariri,

Nimesoma kwa makini makala mliyoichapisha juma lililopita, iliyotushauri sisi wasomaji tuufuate moyo kila tunapokwama kwenye uamuzi mzito. Mwandishi ameandika kwa nia njema, nami sipingi kwamba mtu hujua mambo mengi kuliko anavyoweza kuyaeleza. Lakini ushauri huo, ukiachwa kama ulivyo, unaweza kumpotezea mtu akiba ya miaka mingi, na nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilipoteza yangu kwa njia hiyo.

Mimi ni kambisti. Kwa miaka 19 nimekaa nyuma ya meza ndogo karibu na soko la komuni ya Kenya, yaani sehemu ya mji iitwayo hivyo, hapa Lubumbashi, Kongo, nikibadilisha dola kwa faranga na faranga kwa dola. Noti ya dola 100 inapoingia mkononi mwangu, vidole huitambua kabla macho hayajaifikia. Karatasi yake ni ya pamba asilimia 75 na kitani asilimia 25, wino umeinuka kidogo kwenye koti la Franklin, yule mwenye picha kwenye noti, na zile zilizoanza kutolewa mwaka 2013 zina utepe wa buluu uliofumwa ndani. Wakati naanza kazi sikuwa na habari ya hayo yote. Nilifundishwa na hasara: noti bandia niliyoipokea asubuhi ilirudishwa mchana na mwenye duka la jumla, mbele ya watu, na pesa iliyopotea ilikuwa yangu. Siku hiyohiyo nilijua nimekosea, na kesho yake zilikuja noti nyingine nyingi za kunipa nafasi ya kujisahihisha. Hapo ndipo hisia ya vidole vyangu ilipozaliwa.

Miaka sita iliyopita nilitaka kununua kiwanja, au parsele kama tunavyozoea kusema, katika komuni ya Annexe. Nilimtazama muuzaji machoni, nikaisikiliza sauti yake, nikaona jinsi alivyowasalimia wazee wa mtaa kwa heshima, na moyo wangu ukatulia kabisa. Utulivu ule ulifanana na ule ninaoupata noti nzuri inapopita mkononi, na ndiyo maana niliuamini. Jirani mmoja alinisihi niende kwanza kuuliza kwenye ofisi ya ardhi. Nilimjibu kwamba kazi yangu imenifundisha kuwajua watu. Mvua za kwanza ziliponyesha nilikuta mafundi wa mtu mwingine wakichimba msingi, na mwenye mafundi hao alikuwa na hati iliyotangulia yangu. Kwa sheria yetu ya tarehe 20 Julai 1973 ardhi ni mali ya Serikali, na haki ya mtu juu ya kiwanja huthibitishwa na cheti cha usajili. Mimi nilikuwa nimenunua uso wa mtu.

Kwa muda mrefu nilijiuliza iweje moyo uleule usinidanganye mezani ukanidanganya kiwanjani. Mwanga niliupata katika kazi ya wanasaikolojia wawili. Wa kwanza ni Gary Klein wa Marekani, ambaye tangu miaka ya 1980 aliwachunguza makamanda wa zimamoto ili aelewe wanavyoamua pasipo muda wa kufikiri. Anasimulia habari ya kamanda aliyeingia na vijana wake kuzima moto uliodhaniwa kuwa wa jikoni. Walimwaga maji, moto haukupungua. Ghafla kamanda akaingiwa na wasiwasi asioweza kuueleza, akaamuru wote watoke, na muda mfupi baadaye sakafu waliyokuwa wamesimama juu yake ikaporomoka, kwa kuwa moto wenyewe ulikuwa chini, katika chumba cha ardhini. Kamanda aliamini kwamba ana kipaji cha kuona yaliyofichika. Klein alipomhoji kwa utulivu, ikaonekana kwamba alikuwa ametambua mambo ya kawaida kabisa: sebule ilikuwa na joto kuliko inavyostahili kwa moto wa jikoni, na moto wenyewe ulikuwa kimya mno. Mioto mingi aliyoizima ilikuwa imempa kipimo, na huu haukuafiki kipimo hicho.

Wa pili ni Daniel Kahneman, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2002, na ambaye alitumia maisha yake kuonyesha jinsi hisia zinavyotupotosha. Wawili hawa walikuwa wa kambi zinazopingana, lakini mwaka 2009 waliandika pamoja na kukubaliana juu ya jambo ambalo ningependa kila msomaji wako alijue. Hisia hustahili kuaminiwa pale tu ambapo mambo yenyewe yana utaratibu unaojirudia, na mtu amepata nafasi ya kutosha ya kujifunza utaratibu huo kwa kuona matokeo ya makosa yake. Waliongeza kwamba uhakika anaouona mtu moyoni si ushahidi kwamba yuko sahihi. Nilipofika kwenye maneno hayo nilifunga kitabu, nikakikumbuka kiwanja changu.

Mama zetu wanaouza bowa, yaani uyoga, kando ya barabara wakati wa mvua huutambua uyoga wenye sumu kwa kuutupia jicho, kwa sababu wameushika msimu baada ya msimu pamoja na mama zao. Ila mtu huchagua mwenzi wa ndoa mara moja au mbili, hununua kiwanja labda mara moja, na majibu huja baada ya miaka. Katika mambo kama hayo moyo wake haujafundishwa na mtu. Ni heri aazime moyo uliofundishwa: shangazi aliyekaa kwenye vikao vingi vya mahari na kuona ni ndoa zipi zilisimama, au mkuu wa mtaa aliyekwisha kuamua magomvi mengi ya mipaka.

Tangu hasara ile ninaweka daftari. Kabla ya uamuzi wowote mkubwa naandika tarehe, moyo unasema nini, una uhakika kiasi gani, na kama nina njaa, hasira, au mtu anayeniharakisha. Matokeo yakija narudi kwenye ukurasa ule na kuandika chini yake, bila kufuta kitu. Kazi ya kurudi ndiyo ngumu, maana kumbukumbu hupenda kutushuhudia kwamba tulijua tangu mwanzo. Daftari limenionyesha kwamba moyo wangu husema kweli juu ya wateja na wakopaji wa pale sokoni, na hukosea karibu kila mara ninapokuwa nimeharakishwa.

Ukurasa wa mwisho unamhusu binti yangu, anayetaka kwenda kufanya kazi mji wa Kolwezi. Nimeandika kwamba moyo unakataa, na mbele yake nimeandika kwamba sijawahi kumpeleka mtoto mbali, kwa hiyo huenda ni hofu ya baba tu. Kesho nitazungumza na wazazi watatu wa mtaa wetu ambao watoto wao walitangulia huko.

Wako mwaminifu,
Kambisti wa Katuba, Lubumbashi