Kutoka Ziguinchor hadi Nouakchott, nikiitwa Diop

Shoga yangu,

Upo? Nimeanza hivyo makusudi. Huku ukimsalimia mtu kwa Kiwolofu, "Nanga def?", anakujibu "Maa ngi fi rekk", yaani nipo hapa, basi. Wiki nzima nahangaika na Kifaransa changu cha kuungaunga, kumbe salamu yao ni ile ile yetu: upo, nipo. Nami nipo, nimefika Nouakchott, mji mkuu wa Mauritania, salama. Ukiona mchanga unamwagika kwenye bahasha usishtuke, hapa uko hata ndani ya mkate.

Ngoja nikuanzie Ziguinchor, kule Casamance, kusini kabisa mwa Senegal. Pale usingejiona mgeni: mikoko, michikichi, wanawake wa Kidiola wameinama kwenye majaruba ya mpunga maji magotini, na mvua haina adabu, inashuka umeshaanika. Gauni langu la kijani lilikaa kambani siku mbili nikaliondoa linanuka uvundo.

Kutoka hapo ni Peugeot kuukuu ya abiria saba, haiondoki mpaka ijae. Nilifika stendi alfajiri, tukaondoka saa nne, nimebanwa katikati na begi mapajani. Mama aliyekaa kushoto kwangu akaniuliza jina la ukoo. Nikamtajia. Akalijaribu mara mbili, likamshinda, akasema basi, kuanzia leo wewe ni Diop. Gari zima likaangua kicheko, mimi nimeduwaa. Kijana wa kiti cha nyuma ndiye aliyenifumbua macho: mama ni Ndiaye, na Ndiaye na Diop ni watani. Watani kabisa, shoga, kama Mzaramo na Mnyamwezi! Yaani kanipa jina ili apate mtu wa kumsema njia nzima.

Na alinisema. Diop walafi, Diop wanakomba sufuria, Diop ni watumwa wa kina Ndiaye. Nikanunua karanga dirishani, akatia mkono kwenye pakiti na kuchota nusu bila hata kugeuka. Nikamwambia yule kijana amtafsirie: mtumwa wangu huyu ana njaa, mwacheni ale. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kilemba. Tangu hapo hata maji alikuwa ananifungulia yeye.

Sasa Gambia. Ni ukanda unaofuata mto wake, umeingia ndani ya Senegal kama kidole, na hata palipo papana haufiki kilomita 50. Ukitaka kwenda Dakar kwa barabara ya moja kwa moja lazima uukate. Zamani magari yalikuwa yakipiga foleni ya kivuko pale Farafenni, malori mengine yanalala na mzigo. Mwaka 2019 likafunguliwa daraja, sisi tukapita kwa dakika chache. Usumbufu uliobaki ni mihuri: toka Senegal, ingia Gambia, hujatulia kitini, toka Gambia, ingia Senegal tena. Afisa alinisemesha Kiingereza, nusura nimkumbatie.

Pembeni ya barabara vijana walikuwa wanapika chai, na juu yao kibao cha duka kimeandikwa Jobe. Mama Ndiaye akanipiga kiwiko: huyo ni wewe. Nikabisha. Kumbe kweli, Diop wa Senegal ndiye Jobe wa Gambia, na Ndiaye huku huwa Njie. Ukoo ule ule, utani ule ule, lugha sokoni ile ile. Ila karani wa Kifaransa alisikia hivi, wa Kiingereza akasikia vile, na kila mmoja akaandika kwa sikio la kwao. Nililiwazia hilo mpaka Kaolack, huku Mama Ndiaye akinikoromea begani.

Dakar nakuachia, ni foleni na pilikapilika tu, na Saint-Louis nililala usiku mmoja. Nikuambie Rosso.

Rosso ziko mbili, moja kila upande wa Mto Senegal, na katikati kuna pantoni. Sijashuka vizuri kwenye gari, kijana mmoja mwenye kitambulisho shingoni kanipokonya pasi, eti ananiharakishia. Kisha akadai faranga 5,000 za kodi ya mto. Nikatoa, mjinga mimi, ndipo nikaona wenzangu wote wanapanda bila kutoa hata senti kwa huyo bwana. Aliyenisaidia kuirudisha pasi ni mama mmoja wa Kifulani. Alimkaripia kwa Kipulaar, kwa Kiwolofu, halafu kwa Kiarabu cha Mauritania, lugha tatu kwa pumzi moja, na kijana akanywea. Pesa haikurudi.

Ndani ya pantoni mama yule alifungua fundo la leso, ndani yake fundo jingine, akatoa kitambulisho chake cha Mauritania, akakishika mkononi safari nzima, ng'ambo yenyewe inaonekana. Nikamuuliza mbona mapema. Akasema 1989. Mwaka ule ugomvi wa wafugaji na wakulima kando ya mto uliwasha moto miji ya nchi zote mbili, watu wakauawa, na Mauritania ikawafukuza maelfu ya raia wake weusi. Yeye alikuwa msichana, walivushwa na nguo walizovaa. Wengi walianza kurudishwa mwaka 2008, ndipo naye akarudi. Sikumuuliza zaidi. Tulipogusa ukingo alikibusu kile kitambulisho, akakifunga tena, mafundo yote mawili.

Kuanzia hapo kijani kinakukimbia. Mashamba ya mpunga, kisha migunga, kisha ngamia na mchanga mwekundu unaolamba lami, na kila kizuizi askari anataka nakala ya pasi. Nilitoa nyingi Saint-Louis, zimebaki mbili.

Pesa za hapa zitanitia wazimu. Sarafu yao ni ugiya, na ugiya moja ni khumu tano, yaani senti zao, siyo mia. Isitoshe mwaka 2018 waliifuta sifuri moja, lakini watu midomoni hawajaifuta. Dereva wa teksi kaniambia 1,000, nikamhesabia noti za jumla ya 1,000. Akazitazama, akanitazama, akachukua 100 na kunirudishia zilizobaki. Baada ya yule wa Rosso nilitaka kulia.

Chai yao ni ile ile ya vijana wa Gambia: ya kijani, raundi tatu, ya kwanza chungu na inayofuata tamu zaidi, wanaimimina kutoka juu glasi kwa glasi mpaka ifanye povu. Mwenyeji wangu hakubali niondoke kabla ya ya tatu. Lile gauni la kijani nililifua jana kabla ya raundi ya kwanza, likakauka kabla hatujamaliza, gumu kama ubao kwa vumbi.

Leo nimekwenda ufukwe wa wavuvi. Muuza samaki akaniuliza jina. Nikasema Diop. Akaweka kisu chini, akawaita wenzake, na wote wakaanza kuulizana nani atamlisha huyu.

Nimekununulia melhfa, nguo wanayojifunga wanawake wa hapa, ya bluu iliyochovya njano. Ni kama mita nne, kipande kimoja. Nakujua, usije ukaikata ukatengeneza doti.

Ni mimi,
shoga yako