Mwanangu, hesabu matundu kabla ya kuhesabu pesa

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata pamoja na zile picha sita za gari unalotaka kununua. Sisi wazima, ila goti langu la kushoto siku hizi linakataa gia ya kwanza. Picha nimezitazama kwa miwani na bila miwani. Mama yako akanichungulia begani, akaona ule ukijani wa jeshi, akaguna: "Na huyu naye limeshamwota." Unamjua mama yako, yeye huyaita majipu, na hamaanishi magari.

Unaniuliza kama hiyo ni Jeep ya kweli ya vita. Muuzaji amekwambia ni Willys, yaani Jeep ya kampuni ya Willys, ya mwaka 1943, na kwamba ilitua Normandy, ile pwani ya Ufaransa majeshi yaliposhukia mwaka 1944. Mama, katika miaka yote niliyohangaika na haya magari sijakutana na muuzaji mwenye maneno matamu ambaye gari lake halikutua Normandy. Zingekuwa zimetua zote hizo, askari wangekosa pa kukanyaga.

Chukua picha ya pili, ile iliyopigwa kwa mbele. Hesabu matundu marefu ya kusimama yaliyo kati ya taa. Mimi nimepata saba. Jeep ya vita, ukiacha zile za mwanzo kabisa ambazo grili yake ilikuwa ya vipande vya chuma vilivyochomelewa, ina matundu tisa, na taa zake ni ndogo, zimezama ndani ya grili. Hizi ni kubwa na zimejitokeza kama macho ya mtu aliyeshtuka. Sasa tazama picha ya nne, ubavu wa dereva. Mdomo wa kujazia mafuta uko nje ya bodi. Ya jeshi huuoni mdomo wake mpaka uinue kiti cha dereva, maana tangi liko chini ya kiti chenyewe na dereva anakalia petroli. Halafu nyuma, mlango mdogo wa kushusha umechomelewa ukafunikwa rangi, lakini mstari wake bado unaonekana. Ya jeshi haikuwa na mlango huo.

Hiyo ni CJ-2A, mwanangu. Jeep ya raia, iliyoundwa kati ya 1945 na 1949, ikapakwa kijani na kuvikwa viatu vya jeshi.

Usinune. Sijasema usiinunue. Mimi mwenyewe naipenda CJ-2A kuliko wengi wanavyoipenda. Vita vilipokwisha Willys walitaka kumuuzia mkulima gari lilelile, wakajua mkulima hataki gari la kubeba bunduki, anataka la kuvuta jembe na kuzungusha mashine. Kwa hiyo wakaliwekea giaboksi imara zaidi kuliko ile ya jeshi, na mahali pa kuchomolea nguvu ya injini kuendeshea mitambo ya shamba. Ni gari la kazi, na zilitengenezwa zaidi ya laki mbili. Ukilipenda linunue, lakini linunue kwa jina lake na kwa bei ya jina lake. Usilipie vita ambavyo halikupigana.

Huenda unajiuliza kwa nini watu wanadanganyana kirahisi hivi. Sababu iko kwenye kuzaliwa kwa gari lenyewe. Mwaka 1940 jeshi la Marekani liliziandikia kampuni 135 likitaka gari jepesi la magurudumu yote manne kuvuta, na likataka la kwanza lifike ndani ya siku 49. American Bantam ya Butler, Pennsylvania, kampuni ndogo iliyokuwa taabani, ikamwita mhandisi Karl Probst. Akakaa akachora, na tarehe 23 Septemba 1940 gari likafikishwa kambi ya Holabird, Maryland. Waliobuni ni Bantam, lakini hawakuwa na kiwanda cha kutosheleza jeshi, na zabuni kubwa ikaenda kwa Willys-Overland wa Toledo, Ohio, ambao injini yao ya silinda nne ilikuwa na nguvu ya farasi 60. Kisha hata Willys wakaonekana hawatoshi, Ford naye akapewa michoro aunde gari lilelile. La Willys likaitwa MB, la Ford likaitwa GPW. Kwa jumla zilizidi laki sita. Mimi huwa nawaonea huruma watu wa Bantam kila ninapoisimulia habari hii. Wao walipika, wenzao wakapakua.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penye utamu. Jeshi lilitaka kila kipande cha Willys kiingie kwenye Ford bila kupigwa nyundo. Gari likipigwa bomu hapa, giaboksi yake inapona kule. Kwa hiyo hata kabla vita havijaisha magari yalishaanza kuchanganyika, na baada ya miaka themanini mkononi mwa mafundi wa kila namna, Jeep ambayo haijawahi kubadilishwa kitu ni kama bikizee mwenye meno yote. Utakuta chesisi ya Ford, injini ya Willys, fenda za raia. Ford alikuwa na kiburi chake, akapiga chapa ya herufi F hata kwenye vichwa vya bolti. Wapo wakusanyaji wanaotafuta bolti za F mojamoja mpaka gari zima liwe nazo. Chesisi nayo haisemi uongo: lala chini ya pua ya gari, tazama chuma kinachounganisha mihimili miwili mbele ya rejeta. Kikiwa bomba la duara ni Willys, kikiwa cha pembe, mfano wa mfereji uliofunikwa, ni Ford. Vile vibao vitatu vya chuma kwenye dashibodi usivitegemee. Vinatengenezwa vipya hadi leo. Ukiona kibao cha 1943 kimeshikwa na skrubu zinazong'aa, cheka kimoyomoyo usonge mbele.

Nayajua haya kwa sababu yalinigharimu. Wewe ulikuwa mdogo, labda unakumbuka tu kibanda kilichokatazwa kuingiwa. Mle ndani mlikuwa na GPW. Niliinunua ikiwa inatembea. Inatembea, mama! Niliiendesha mwenyewe hadi nyumbani, moshi kidogo, breki zinataka kubembelezwa, lakini ilikuja. Jumamosi iliyofuata nikaamua niifungue "kidogo tu" nisafishe chesisi. Nikafungua bodi, nikafungua injini, nikafungua giaboksi, kila kitu nikakitia kwenye makopo na maboksi. Sikuandika kitu juu ya maboksi, kwa kuwa nilijiona nina kumbukumbu. Kisha nikanunua ya pili ili iwe spea ya ile ya kwanza, na ya tatu kwa sababu ilikuwa rahisi. Nikawa na Jeep tatu na nasafiri kwa basi. Mama yako hajawahi kunisema kwa hilo hata siku moja, na kunyamaza kwake ndiko kulikonichoma. Mbili niliziuza kwa hasara. GPW bado imo kwenye maboksi.

Na siku ya kwanza kabisa, kabla ya hayo yote, niliaibika kwenye gurudumu. La kulia lilifunguka vizuri. Nikaenda la kushoto, spana haisogei. Nikachomeka bomba refu kwenye spana, nikasimama juu yake kwa uzito wangu wote. Pa! Bolti imekatika. Nikajisemea ni kutu, nikaenda ya pili. Pa! Ya tatu ilipokatika fundi mzee aliyekuwa ameketi pale akipunga hewa akaniuliza kwa upole, "Bwana, unakaza mpaka saa ngapi?" Kumbe nati za upande wa kushoto zina hesi ya kinyume. Unazifungua kwa kuzungusha upande ambao mkono wako maisha yote umezoea kukazia. CJ-2A nayo iko hivyohivyo, usije ukarudia ujinga wangu.

Nikiwa bado kwenye magurudumu, rudi picha ya tano. Zile rimu zenye duara la nati nane karibu na katikati ni rimu za vita. Si za gari hilo, muuzaji amezivalisha kwa urembo. Rimu hiyo ni ya vipande viwili vilivyobanwa na nati hizo nane. Zinazoshika gurudumu kwenye gari ni tano, nyingine kabisa. Mtu asiyejua akifungua zile nane tairi likiwa na upepo, vipande vinaachana kwa kishindo na vinaweza kumuua. Toa kwanza valvu ya ndani, upepo uishe kabisa, ndipo uguse. Hili nakuagiza, sikushauri.

Kutu ndiyo adui wako halisi, kuliko injini. Injini ile ni ya kijima na husamehe mengi, mradi bloku haijapasuka. Kwenye nchi za baridi maji yaliyoachwa ndani huganda yakapasua chuma, kwa hiyo pitisha kidole ubavuni mwa bloku utafute kovu la kuchomelea. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Lakini bodi ni bati jembamba. Beba sumaku ndogo, uifunge kwenye kitambaa usikwaruze rangi, uipitishe kwenye fenda na pembe za nyuma. Inapoacha kushika ujue chini ya rangi pana puti. Kisha lala chini na bisibisi, ugonge sakafu karibu na miguu ya dereva na chini ya tangi. Chuma kizima hulia kikavu, kilichooza hujibu kama boksi lililolowa. Mihimili ya chesisi iangalie kwa taa, hasa pale springi zinaposhikwa. Bodi mpya inanunulika, hata Ufilipino wanazitengeneza. Chesisi iliyokunjika utaipeleka wapi?

Spea zisikutie hofu. Gari hili lilipewa leseni duniani kote: Hotchkiss waliliunda Ufaransa, Mahindra India, Mitsubishi Japani. Ukoo wake ni mpana, na gasketi au bearingi ya miaka ile ni rahisi kupata kuliko taa ya nyuma ya gari la juzi.

Umeme wake, kama hawakuubadilisha, ni wa volti 6. Watu husema stata imekufa kwa sababu inazunguka kwa uvivu. Kabla hujaamini tazama waya za betri. Mtu akifunga waya nyembamba za gari la volti 12, stata ya volti 6 hufa njaa. Niliwahi kumwona mtu akibadilisha stata mbili bure kwa jambo hilo.

Ukiliendesha, ondoa mguu kwenye mafuta ghafla ukiwa gia ya pili uone kama gia inachomoka yenyewe. Sikiliza na usukani. Usukani ukicheza sana, tatizo mara nyingi ni kile kipande cha katikati kinachopokea nguvu ya usukani na kuigawa kwa magurudumu mawili. Kinalika, na kinarekebishika. Namba ya chesisi ilingane na karatasi za umiliki. Isipolingana hakuna mazungumzo.

Umesema pia ukishanunua hii utatafuta nyingine ya jeshi, halafu Hotchkiss, uwe na mkusanyo. Nimecheka peke yangu. Nakuomba kitu kimoja: hii ya kwanza iwe inakupeleka mahali na kukurudisha kabla hujanunua ya pili. Na ukifungua hata boksi moja la nati, andika juu yake.

Jumamosi nitakuja. Mama yako amesema nisipokuja mimi atakuja yeye, na wewe hutaki hilo. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hatujafika. Nataka kuigusa boneti nikute ni baridi, kisha nisikie inavyoamka.

Baba yako