Risala ya Klabu ya Kodi na Midahalo kwa Mgeni Rasmi: Kodi Hii Inatoka Mfukoni mwa Nani?

Ndugu Mgeni Rasmi, Meneja wa Mamlaka ya Mapato Tanzania wa Mkoa wetu, Mkuu wa Shule, walimu walezi, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuja kutufungia wiki ya midahalo. Mada ilikuwa: "Tajiri na maskini walipe kodi kwa asilimia ileile." Sharti lilikuwa kwamba anayedai kodi fulani ni ya haki au ya uonevu aandike hesabu yake ubaoni, nani anatoa shilingi ngapi. Risala hii inabeba zile hesabu ambazo watetezi na wapinzani wa hoja wote walishindwa kuzifuta.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Kodi ya mshahara, yaani PAYE, haikuzua ubishi mrefu. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi hazitozwi. Kinachozidi hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8, kisha 20, kisha 25, na kinachovuka milioni moja hutozwa asilimia 30. Mwenye 1,000,000 inayotozwa kodi hulipa 128,000. Akiongezwa 10,000, kodi inapanda kwa 3,000 tu. Asilimia kubwa inagusa ile ziada peke yake, kwa hiyo hakuna anayepata hasara kwa kupandishwa cheo.

Ubishi uliwaka kwenye kodi ya makadirio ya wafanyabiashara wadogo. Hii hukokotolewa kwa mauzo ya mwaka, wala haiangalii faida. Kwa Sheria ya Fedha ya 2022, mauzo yasiyozidi milioni 4 hayalipi kitu. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu za hesabu hulipa 100,000, na mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Tuchukue mauzo ya 4,010,000: mwenye daftari analipa shilingi 300, jirani yake asiye na daftari analipa laki nzima. Kwenye 7,050,000, ambayo iko daraja linalofuata, wa kwanza analipa 91,500 na wa pili 250,000. Daftari la kaunta linalotunzwa kila jioni, likaandikwa mauzo ya siku na kubandikwa risiti za manunuzi, lina thamani kuliko punguzo lolote analoweza kuombewa na diwani.

Lakini kuna mahali daftari nalo haliokoi. Mwenye kumbukumbu akifika milioni 11 kamili analipa 210,000. Akiuza laki moja zaidi anaingia daraja la asilimia 3.5 ya mauzo yote, na kodi inakuwa 388,500. Laki moja ya mauzo imezaa kodi ya 178,500. Tusishangae basi duka moja likigawanywa kwa majina mawili, la mume na la mke, au mashine ya risiti ikiwa "mbovu" kila ifikapo Novemba. Hatutetei udanganyifu huo, ila ngazi yenye kipandio kirefu namna hiyo inaualika.

Na hata hao wanaolipa 388,500 hawafanani. Muuza sukari na sabuni anayebakiwa na shilingi 10 katika kila 100 anapata 1,110,000 kwa mwaka, na kodi inachukua asilimia 35 yake kabla hajalipa pango. Mwenye saluni anayebakiwa na 60 katika 100 anapata 6,660,000, na kodi hiyohiyo ni chini ya asilimia 6. Mfanyakazi anayelipwa 1,110,000 kwa mwaka, yaani 92,500 kwa mwezi, hadaiwi PAYE hata senti.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Kodi ya majengo ilihamia kwenye LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumika, mwaka 2021, na tangu 2023 nyumba ya kawaida hukatwa 1,500 kwa mwezi. Kuikusanya ni rahisi kweli. Kisheria anayedaiwa ni mwenye nyumba, lakini anayekatwa ni aliyenunua umeme. Mpangaji akiweka 5,000, 1,500 inaondoka kabla ya uniti hazijahesabiwa. Asiponunua miezi mitatu, anakuta 4,500 inamsubiri. Anayo haki ya kuikata kwenye kodi ya pango. Tatizo ni kwamba wapangaji wengi hawana mkataba wa maandishi, na anayedai 1,500 kwa mdomo huambiwa atafute chumba kwingine.

Kuhusu manufaa, yaani fedha ambazo serikali huwapa wananchi, tulilinganisha njia mbili. TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, huchagua kaya: mkutano wa kijiji au mtaa hutaja majina, dodoso hujazwa, kaya hupewa alama, kisha orodha hurudi kuthibitishwa na wananchi. Fedha hulenga walio chini kabisa, ila kaya iliyozidi alama kidogo kwa sababu ya bati juu ya paa inakosa yote. Zanzibar, tangu Aprili 2016, pensheni jamii hulipwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi bila kupimwa kipato. Ilianza na 20,000 kwa mwezi. Tajiri naye anapata, hilo ni kweli, lakini hakuna mzee anayenyimwa kwa sababu siku ya mkutano alikuwa mgonjwa. Wengi wetu tuliegemea upande wa Zanzibar.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunayo maombi matatu.

Kwanza, tufikishie wizarani pendekezo kwamba daraja la juu ya milioni 11 lianze na 210,000, kisha asilimia 3.5 ya kinachozidi tu. Mwenye mauzo ya 11,100,000 angelipa 213,500.

Pili, ofisi yako ituletee ofisa wa elimu kwa mlipakodi Jumamosi moja kabla ya awamu ya kwanza ya malipo ya Machi 31, awafundishe wazazi wetu wa sokoni kufungua daftari, na awaeleze kwamba pingamizi la makadirio lina siku 30 tu. Wengi hufika siku ya 40.

Tatu, matangazo ya kodi ya majengo yamtaje mpangaji waziwazi, ili awe na karatasi ya kumwonyesha mwenye nyumba.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya Kodi na Midahalo