Mama aliyeko ughaibuni akisema amechoka, msimwambie avumilie

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme kuhusu sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kwa wanawake waliohamia nchi za watu, maana habari za ughaibuni zikija ni pesa na makaratasi tu, akili ya huyo mama aliyeko kule hakuna anayeiulizia.

Shirika la Afya Duniani linasema sonona inawapata zaidi wanawake kuliko wanaume, na zaidi ya asilimia 10 ya wajawazito na waliotoka kujifungua wanayo. Sasa huyo mwanamke mtoe kwa mama yake na dada zake, ajifungulie mahali ambapo hakuna hata wa kumshikia mtoto nusu saa alale. Mwaka 1978 watafiti George Brown na Tirril Harris walitoa kitabu kuhusu wanawake wa Camberwell, London, wakaonyesha kuwa aliyepatwa na mkasa mzito halafu hana mtu wa karibu wa kumwambia ya moyoni, au yuko nyumbani na watoto wadogo watatu au zaidi na hana kazi, ndo yuko hatarini zaidi. Ukiwaza mhamiaji, mara nyingi mengi ya hayo anayo kwa pamoja.

Na hapo sijagusa rangi. Alikuwa mwalimu kwao, kule cheti chake hakitambuliki anapewa ufagio, akiongea lafudhi yake inachekwa, kwenye basi siti ya pembeni yake inabaki tupu na watu wamesimama. Kila kimoja ni kidogo mno kwenda kukishtakia, kwahiyo anarudi nyumbani anajiuliza labda nimeelewa vibaya, labda tatizo ni mimi, na hiyo labda ya kila siku ndo inamla mtu. Mimi naamini inamaliza kuliko tusi la wazi, maana tusi angalau unajua umetukanwa.

Akifika hospitali anasema kichwa, mgongo, moyo unaenda mbio, usingizi hamna. Anapewa dawa ya maumivu arudi nyumbani, tena kuna ile dhana kwamba mwanamke mweusi ni imara, anastahimili. Na yeye mwenyewe hasemi yote. Anaogopa watoto kuchukuliwa, anaogopa kibali cha kuishi ambacho pengine kinamtegemea mume. Woga wake una msingi, pale Uingereza weusi wanalazwa kwa nguvu chini ya sheria ya afya ya akili ya 1983 mara kadhaa kuliko weupe, huku matibabu ya kawaida ya mapema wanayapata kidogo kuliko wengine. Yaani mfumo unamfikia akiwa ameshaanguka.

Lakini jamani na sisi tumo. Akipiga simu kwao akisema amechoka anaambiwa huo ni ugonjwa wa wazungu, wenzio wanaitafuta hiyo nafasi, omba Mungu, vumilia, halafu kwenye simu hiyohiyo anatajiwa ada ya mtoto wa kaka. Maombi siyakatai, mimi mwenyewe naomba. Ila sonona ni ugonjwa na unatibika, kwa dawa na kwa kuongea na mtaalamu, na aliyevunjika mguu hatumwambii avumilie atembee.

Jambo moja linaniuma kuliko yote, mtoto wa miaka kumi kufanywa mkalimani wa mama yake kwa daktari. Mama gani atasema mbele ya mwanae kwamba hataki tena kuishi? Na jirani wa kabila lake naye sio suluhisho, jioni habari imeshazunguka mtaa mzima. Hospitali nyingi za nchi hizo zina wakalimani wa kulipwa wanaobanwa na kanuni ya kutunza siri, hata kwa njia ya simu, ila lazima uombe na wamama wengi hawajui kama wana haki hiyo. Basi mwenye dada au mke huko amwambie leo, aombe mkalimani mwanamke, na akiingia kwa daktari aanze na usingizi na mawazo kabla ya mgongo.

Msomaji wako wa siku zote