Kudai Kurejeshewa Amana ya Shamba la Kilifi

7 Oktoba 2024

Kwa Meneja wa Mauzo,

KUH: AMANA YA SHILINGI 300,000

Nimepokea barua yenu ya tarehe 30 Septemba inayosema kwamba amana niliyolipia shamba la ekari moja katika Kaunti ya Kilifi imepotea kwa kuwa nimejitoa katika mauzo. Sikujitoa. Nilikuwa tayari kununua hadi siku ya mwisho, na ninadai nirudishiwe fedha zangu zote.

Tulitia saini mkataba tarehe 12 Machi 2024, bei ikiwa shilingi 3,000,000, nami nikalipa asilimia 10 siku iyo hiyo kutoka akiba ambayo mimi na mume wangu tumeiweka kwa miaka minne. Kwa kuwa shamba hilo ni la kilimo, mauzo yalihitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na mkataba mliouandika wenyewe uliwapa ninyi kazi ya kupeleka ombi. Nilijaza sehemu yangu ya fomu juma hilo hilo mbele ya karani wenu. Tangu hapo, kila nilipopiga simu nilijibiwa kwamba bodi haijakaa, mpaka mwezi Agosti nilipokwenda mwenyewe kuulizia, na afisa akapekua daftari la maombi ukurasa baada ya ukurasa kuanzia Machi bila kuliona ombi letu. Kesho yake nilifika ofisini kwenu. Karani alipoitoa fomu katika faili, saini yangu ya wino wa buluu ilikuwapo, na nafasi ya muuzaji ilikuwa tupu. Nilimsihi aipeleke siku hiyo, kwani bado kulikuwa na wiki kadhaa kabla ya muda wa kupeleka ombi kwisha, lakini haikupelekwa.

Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302, inataka ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba kufanywa, isipokuwa Mahakama Kuu iongeze muda, jambo ambalo hamkuliomba. Mauzo yasiyopata idhini ni batili, na kifungu cha 7 kinampa aliyelipa haki ya kudai fedha zake kama deni. Kipengele cha kumnyang'anya amana mnunuzi anayejitoa, ambacho ndicho tegemeo lenu pekee, kimo ndani ya mkataba huo huo uliobatilika, na hata kama kingekuwa na nguvu hakinihusu, maana aliyeacha kutimiza wajibu wake ni muuzaji. Inaniuma kuitwa mvunja mkataba na mtu aliyeikalia fomu yangu miezi sita.

Tafadhali rejesheni shilingi 300,000 katika akaunti nilikozitoa, ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii. Zisiporejeshwa, nitafungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Nimeambatanisha nakala za mkataba na risiti yenu ya amana.

Wenu mwaminifu,
Mnunuzi