Barua kwa mwanangu kuhusu Rijili Kantori

Dodoma,
1 Juni 2025

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi sote hatujambo, na bibi yako anakusalimu sana. Uliponiambia kwenye simu kwamba shule yenu imepata darubini ndogo yenye lenzi ya milimita 60, na kwamba ninyi wa kidato cha nne mtabaki hapo Njombe likizo hii kwa ajili ya masomo ya ziada, nilipata furaha ambayo muda wa maongezi haukutosha kuieleza. Wengi wakipata darubini huitazamia mwezi, na wakishauzoea mwezi huirudisha stoo. Wewe nakuomba uielekeze kwenye Rijili Kantori, ambayo wanafalaki huiita pia Alfa Centauri, kwa kuwa ni mfumo wa nyota ambao mwendo wake unaweza kuufuatilia kwa macho yako mwenyewe, na umri wako ukatosha kuuona ukikamilika.

Subiri wiki ya mwisho ya mwezi huu wa sita, mwezi unapoandama na mwanga wake usipokusumbua. Vaa koti zito, maana baridi ya Njombe wakati wa kipupwe unaijua kuliko mimi. Ikikaribia saa tatu usiku, geukia kusini, unyooshe mkono na upange ngumi nne kutoka kwenye upeo kwenda juu. Hapo utaona nyota mbili angavu zilizo karibu katika usawa mmoja, zikiachana kwa upana wa vidole vitatu, na kulia kwao Msalaba wa Kusini ukiwa umeinama kuelekea magharibi. Ya kulia kati ya hizo mbili inaitwa Hadar. Ya kushoto, inayong'aa zaidi, ndiyo Rijili Kantori, na kati ya nyota zote za usiku ni Shira na Suheli tu zinazoishinda kwa mwangaza.

Kwa macho matupu utaapa kwamba ni nyota moja. Weka lenzi ya kutazamia inayokuza mara 50 au zaidi, uache darubini ikae nje nusu saa ili vioo vipoe, kisha utazame bila haraka. Taswira itatetemeka, itatulia, itatetemeka tena, na katika moja ya nyakati za kutulia utaona nyota mbili zilizosimama karibu karibu: kubwa ya manjano hafifu, na ndogo yenye rangi inayoelekea chungwa. Nafasi kati yao ni kama sehemu moja ya mia mbili ya upana wa mwezi mpevu. Umewahi kuona taa za basi la usiku likija kwa mbali kwenye barabara ya Iringa, jinsi zinavyokuwa taa moja mpaka basi lisogee ndipo zigawanyike. Darubini inakufanyia kazi hiyo hiyo, ila inayosogezwa ni nguvu ya jicho lako.

Aliyeziona mbili kwa mara ya kwanza ni padri Mjesuiti, Jean Richaud, akiwa Pondicherry nchini India, Desemba 1689. Hakuwa akizitafuta, alikuwa akifuatilia nyotamkia iliyopita karibu na hapo. Baadaye Thomas Henderson, Mskoti aliyefanya kazi kwenye kituo cha uangalizi wa nyota cha Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1832 na 1833, alipima jinsi nyota hii inavyoonekana kusogea kidogo sana kadiri dunia inavyozunguka jua, na kutokana na msogeo huo akapata umbali wake. Alichelewa kutangaza hadi 1839, naye Friedrich Bessel akawa amemtangulia mwaka mmoja kwa kupima nyota nyingine. Leo tunajua kwamba umbali huo ni miaka nuru 4.37, maana yake nuru utakayoipokea iliianza safari mwanzoni mwa 2021, ulipokuwa ndiyo kwanza unaingia darasa la saba.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe lililonifanya niandike barua badala ya kukupigia. Nyota hizo mbili huzungukana kwa muda wa karibu miaka 80. Njia yake si duara bali ni yai refu: zinapokaribiana kabisa huachana kwa mara 11 ya umbali wa dunia na jua, kupita kidogo masafa ya Zohali, na zinapotengana kabisa hufika karibu mara 36, yaani kupita Neptuni. Mara ya mwisho zilikaribiana hivyo mwaka 1955, mwaka aliozaliwa bibi yako, na zitakaribiana tena 2035. Maisha yake yote mpaka leo hayajamaliza hata mzunguko mmoja wa nyota hizi, na hilo mimi huliona ni kubwa kuliko takwimu zote za umbali tulizozoea kuwakaririsha wanafunzi.

Kuna jambo moja litakalokutatiza, basi bora nilieleze mapema. Kwa kweli nyota hizo zimekuwa zikisogeleana tangu miaka ya 1990, lakini tangu 2016 zinaonekana zikiachana zaidi na zaidi, na zitaendelea kuonekana hivyo hadi karibu 2030. Sababu ni kwamba njia yake tunaitazama kwa ubavuni, karibu kama mtu anayetazama ukingo wa sahani, kwa hiyo mara nyingine zinakuwa mbali sana kati yao lakini kwa mtazamo wetu moja iko kama nyuma ya mwenzake, nasi tukiona kama zimegusana. Baada ya 2035 zitaonekana zimebanana kiasi kwamba darubini yenu itashindwa kuzitenganisha. Miaka hii mitano ndiyo mizuri kwa darubini ndogo, nawe umeipata ukiwa shuleni.

Mfumo huu una nyota ya tatu pia, ila hiyo hutaiona, na usihangaike nayo. Ni Proksima, nyota kibete nyekundu iliyo hafifu mno, iliyogunduliwa na Robert Innes huko Johannesburg mwaka 1915 kwa kulinganisha picha za anga zilizopigwa kwa miaka tofauti. Iko mbali na wenzake kwa upana wa miezi mipevu minne angani, na huwazunguka kwa zaidi ya miaka nusu milioni. Hiyo ndiyo iliyo karibu nasi kuliko nyota yoyote baada ya jua, kwa miaka nuru 4.24, na tangu 2016 tunajua kwamba ina sayari inayoizunguka kwa siku 11 tu. Haya yote yako kwenye anga ambalo mtu wa London hawezi kuliona kamwe akiwa kwao, wakati wewe unatoka bwenini na kugeuza shingo.

Nakuomba utenge daftari. Chora duara kwa ajili ya kila usiku utakaotazama, liwe mfano wa duara la anga unaloliona ndani ya darubini. Darubini ikiwa imetulia, nyota zitateleza zenyewe hadi zitoke kwenye duara. Upande zinakotowekea ni magharibi daima, hata kama taswira imepinduliwa, basi uweke mshale hapo kwanza. Kisha chora nyota mbili kwa mwelekeo wake halisi na uandike tarehe na saa. Mwaka mmoja hautaonyesha mengi, lakini michoro ya miaka kadhaa itakuonyesha mstari kati yao ukigeuka. Lenzi ikiingia ukungu usiifute kwa shati; ifunike na usubiri. Mchoro wa kwanza nitumie kwa simu ya mwalimu wa zamu, na uniambie kama ile ndogo umeiona ina rangi gani, maana watu hutofautiana sana katika hilo.

Akupendaye daima,
Mama yako