Pumzi za mgonjwa zihesabiwe, zisikisiwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalopuuzwa katika mapokezi ya vituo vyetu vingi vya afya. Mgonjwa anapofika hupimwa joto, presha na uzito, lakini idadi ya pumzi zake kwa dakika, kipimo kisichohitaji zaidi ya saa yenye mshale wa sekunde na macho ya muuguzi, mara nyingi huandikwa kwa kukisia. Ukifungua daftari la siku nzima katika kituo cha namna hiyo utamkuta mzee wa pumu, kijana wa malaria na mama mjamzito, wote wamejaziwa pumzi 20, kana kwamba walipatana njiani.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kwa watoto, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema mtoto anapumua haraka akifikisha pumzi 60 iwapo hajatimiza miezi miwili, 50 iwapo hajatimiza mwaka, na 40 kuanzia mwaka mmoja hadi mitano. Wauguzi wanaijua mipaka hiyo. Kinachokosekana ni dakika nzima ya kuhesabu, mtoto akiwa ametulia mapajani mwa mama na kifua kikiwa wazi, kwa maana pumzi za mtoto mchanga huenda mbio, zikakatika kidogo, kisha zikarudi, na anayehesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne hukosea kwa urahisi. Tena ni katika dakika hiyo ndipo muuguzi huona sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani kila mtoto anapovuta hewa, matundu ya pua yakitanuka, na kusikia ule mguno mfupi mwishoni mwa kila pumzi, ambao wazazi wengi hudhani ni kudeka.

Sauti nazo zina maana. Majeruhi wa bodaboda aliyepoteza fahamu akianza kukoroma, waliomleta husema afadhali amelala, kumbe ulimi umerudi nyuma na kuziba njia ya hewa, na anahitaji mtu wa kumwinulia taya mara moja bila kumpinda shingo. Sauti ya maji kooni ni damu au matapishi yanayotakiwa kuondolewa. Mlio mkali anapovuta hewa huonyesha kizuizi cha juu, kooni, ilhali mluzi anapotoa hewa ni wa chini, kama ule wa pumu. Wa kuogopwa kuliko wote ni mgonjwa wa pumu aliyekuwa akipiga mluzi na sasa amenyamaza, hawezi kumaliza sentensi moja kwa pumzi moja, na kifua chake hakisikiki kwa sababu hewa haipiti. Huyo hasumbui mtu kwenye foleni, na kwa desturi zetu anayepiga kelele ndiye hupishwa mbele, ingawa kelele zenyewe ni ushahidi kwamba hewa yake inapita.

Nafahamu kwamba siku hizi vituo kadhaa vina kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, nacho kina faida kubwa, hasa kikionyesha chini ya asilimia 90. Hata hivyo hakipimi jitihada ya kupumua. Kinaweza kuonyesha 95 huku mtoto akimalizia nguvu zake, na kwa wenye ngozi nyeusi kifaa hicho wakati mwingine huonyesha kiwango cha juu kuliko kilicho halisi.

Muhimbili ilipofungua idara yake ya dharura mwaka 2010 nchi ilipiga hatua kubwa, lakini wengi wetu huanzia zahanati. Uhaba wa watumishi ni wa kweli na siupingi. Ninachoomba ni kwamba mganga mfawidhi wa kila kituo ateue muuguzi mmoja kwa kila zamu wa kupita kwenye mabenchi na kutazama vifua kabla ya kadi na malipo, na atakayeonekana anahema kwa shida aingizwe ndani papo hapo. Nao wakaguzi wa afya wa wilaya, ambao huja kuhesabu dawa stoo, wafungue na daftari la wagonjwa la siku moja wasome safu ya pumzi. Wakikuta 20 kutoka juu hadi chini, wamuulize mfawidhi saa ya kuhesabia iko wapi.

Muuguzi mstaafu,
Morogoro